Raba Zenye Samaki Mmoja

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na majini, ni zamani ya juzijuzi ambayo matope yake bado hatujayafuta miguuni, palikuwa na marafiki watatu mjini Morogoro. Tunu aliuza viatu vya mtumba sokoni. Mkude alichuuza nguo kwenye magulio, leo Kilosa, kesho Mvomero. Salmini alikuwa fundi viatu, na kibanda chake kilikuwa hatua kumi tu kutoka meza ya Tunu. Wote watatu walipenda kupendeza, tena walipenda vibaya, ila mifuko yao haikuwa na habari.

Basi wakabuni mkeka. Kila Jumapili alasiri waliutandika barazani kwa mama yake Tunu, kila mmoja akaweka alichokichoka ili aondoke na alichokichoka mwenzake. Jaketi kwa raba, fulana kwa kofia, suruali kwa mkanda na soksi juu yake. Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, taja ila ya kitu chako kabla hujakisifu, maana kizuri hakikosi ila. Ya pili, mkishapeana mikono mmepeana, hakuna kurudi kesho na uso wa kununa. Salmini aliwahi kuweka raba akasema, "Hizi zinalia kama bata nikitembea," wakacheka mpaka machozi, na Mkude akazichukua hivyo hivyo na bata wake. Miaka mitatu ilipita, hakuna aliyevunja sheria.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kiatu kinapoingia.

Tunu alikuwa na mguu wa baba yake, namba arobaini na tatu. Shuleni wenzake walimwita Mtumbwi, naye akajifunza kuficha miguu chini ya dawati. Alipokuwa mtu mzima aliwauzia watu viatu kutwa nzima, yeye mwenyewe amevaa kandambili za kaka yake. Viatu vya kike havikumwingia, vya kiume vilimfanya aonekane ameazima. Mganga hajigangi, wateja walimtania. Tunu alicheka nao, lakini akifika nyumbani alikuwa hacheki.

Siku moja akafungua belo la viatu vya mtumba, akakuta kiatu kimoja cha raba, cha kushoto, rangi ya embe bivu, soli nyeupe. Akakijaribu. Kikamwingia kama kilishonewa mguu wake. Alisimama pale sokoni kwa mguu mmoja kama korongo, hataki kukivua. Mbele, juu ya vidole, ukingo wa ndani, mtu wa huko kilikotoka alikuwa amechora kwa wino mkia wa samaki. Mkia tu. Kichwa bila shaka kilikuwa kwenye kiatu cha kulia, ili mtu akiweka miguu pamoja samaki atimie.

Tunu alilipekua belo mpaka chini, cha kulia hakikuwemo. Watu wakamwambia atupe. Hakutupa. Alikiosha, akakitundika kwenye msumari juu ya meza yake, na Jumapili akawaambia wenzake, "Mkiona kichwa cha samaki popote pale, niambieni." Akasema Jumapili hiyo, akasema iliyofuata, akasema ya kumi, hadi Mkude akawa anammalizia: "Kichwa cha samaki, tumesikia, mama!" Mwaka mzima ukapita hivyo.

Siku ya siku, Mkude yuko gulioni Mvomero, mbele ya lundo la viatu visivyo na wenzao, akaona kichwa cha samaki kinamtazama. Kiatu cha kulia, rangi ya embe bivu. Ubavu umechanika, soli inapiga miayo, lakini ndicho. Mwenye lundo alimwona alivyotoa macho, na mtu akishaona umetoa macho, bei haipo tena mikononi mwako. Hakutaka fedha. Alitaka jaketi la jinzi lililokuwa mgongoni kwa Mkude, lenye simba aliyetariziwa, jaketi ambalo Mkude hakuwahi kuliweka mkekani hata siku moja. Mkude alisimama, akatembea, akarudi. Kisha akalivua, akarudi Morogoro na singlendi kwenye mvua.

Na mimi nitasema kweli ingawa haimsaidii wala haimwangamizi: Mkude alianza safari akiwa na nia ya kumpelekea Tunu. Lakini njia nzima alikipakata kile kiatu. Macho hayana pazia. Alipofika mjini, nia ilikuwa imeshuka kituo cha nyuma.

Akaenda kwa Salmini, akakitoa kwenye mfuko. "Mwanangu, nitengenezee hiki. Ila Tunu asijue."

"Asijue kwa nini?"

"We nitengenezee. Kikikamilika na kile cha kushoto tutavaa kwa zamu, wiki yangu, wiki yako."

Salmini alikigeuza kiatu. Pale palipochanika palihitaji kiraka cha rangi ile ile, na rangi ile mji mzima ilikuwa mahali pamoja tu: kwenye raba zake mwenyewe, alizokuwa akizivaa sikukuu. Akachukua kisu, akazikata. Siku nne alishona, akabandika, akapiga msasa, na kila Tunu alipokuja kupiga soga alikifunika kiatu kwa tambara. Siku ya tatu Tunu alimletea chai na maandazi. "Fundi, siku hizi unajituma," alimwambia. Salmini aliyala maandazi yale huku mkono mmoja ukilishika tambara.

Jumapili ikafika. Mkude akaweka mkekani sweta jeusi lenye kofia, zito, karibu jipya. "Ila yake zipu, inakwama hapa katikati. Nataka kile kiatu chako."

Tunu akacheka. "Kimoja kile? Ila yake unaijua, Mkude. Hakina mwenzake."

Mkude akalinyoosha sweta mkekani. Salmini akatazama vidole vyake vya miguu.

Tunu alifikiri. Sweta lilikuwa zuri, na baridi ya milimani ilikuwa imeanza kushuka. Mwaka ulikuwa umepita. Pengine rafiki yake alikuwa anamwonea huruma tu, anamwondolea mzigo asioweza kuutupa mwenyewe. Akaenda ndani, akarudi nacho, akakifuta vumbi ambalo halikuwepo. Wakapeana mikono.

Jumapili iliyofuata Mkude alikuja amevaa zote mbili. Alikuwa anachechemea, maana mguu wake ni arobaini na nne, lakini alichechemea kwa maringo. Akasimama mbele ya mkeka, akaunganisha miguu. Tunu alimwona samaki kabla ya kumwona Mkude. Kichwa, mwili, mkia. Moyo wake ulishtuka kwa furaha, ndiyo, kwa furaha kwanza, kisha ndipo akaelewa.

"Ulikuwa nacho," alisema. "Ulipokaa hapa na sweta lako, cha kulia ulikuwa nacho tayari."

"Nilikuwa nacho."

"Na hukusema."

"Sheria inasema nitaje ila ya kitu changu," Mkude akajibu. "Nilitaja zipu. Haisemi nitaje uzuri wa kitu chako. Na cha kulia sikukiokota, Tunu. Nilimvua simba wangu mgongoni, nikanyeshewa. Kiatu kimoja jaketi, kiatu kimoja sweta. Nimelipa vyote viwili."

"Ulijuaje kuwa ndicho? Nani alikufundisha kutazama kichwa cha samaki? Mwaka mzima ninawaambia! Ulitumia macho yangu kukitafuta, halafu ukanifunga mimi hayo macho."

Salmini akakohoa. "Na mimi nisemeje? Bila sindano yangu mngekuwa na kiatu kimoja na gunzi. Nimekata raba zangu za sikukuu, sina nyingine. Tena niliahidiwa zamu."

"Wewe nyamaza kwanza," Tunu akamgeukia. "Wewe ulikula maandazi yangu."

Salmini akainamisha kichwa. "Nilikula. Nilimwahidi Mkude kabla sijafikiri, na ahadi ikishatoka mdomoni, utaimeza vipi?"

Halafu Tunu akasema taratibu, na hiyo ndiyo iliyowachoma wote, "Mkude, ungeniambia una kichwa, ningekupa mkia bure."

"Unasema hivyo leo," Mkude akamjibu, sauti imeshuka. "Na kama ungekataa? Ningebaki na kiatu kimoja, jaketi sina. Niliogopa."

Tunu alijitafuta moyoni kama kweli angempa, na hakupata uhakika.

Mkude akaketi, akafungua kamba, akazivua raba, akaziweka katikati ya mkeka. Vidole vyake vilikuwa vyekundu. Tunu akalikunja sweta, akaliweka kando ya raba, na zipu ikiwa imekwama pale pale katikati. Mama yake akatoka na ungo wa mchele, akawatazama wote watatu, hakuna anayemtazama mwenzake. "Mlipokuwa na kimoja," alisema, "kicheko chenu nilikuwa nakisikia mpaka jikoni." Akapita zake.

Hakuna aliyezichukua siku hiyo. Mama ndiye aliyekunja mkeka, akazitundika kwenye msumari wa baraza, kamba kwa kamba, na hadi leo zinaning'inia pale. Mkude akipita hutazama juu. Salmini akipita hutazama chini. Tunu hupita asubuhi na jioni na kandambili za kaka yake, na bado Jumapili huutandika mkeka, akaketi peke yake kidogo, akaukunja.

Nami nimechoka kulibeba jambo hili, nawatwika ninyi. Msiniambie wagawane, maana hakuna atembeaye na nusu ya samaki. Msiniambie waziuze, maana walichotaka si fedha. Yuko aliyemngoja mwaka mzima na kuwafundisha wenzake alama yake, lakini mkono aliutoa mwenyewe. Yuko aliyevua nguo ya mgongoni kwa ajili yake, lakini alinyamaza palipohitaji neno. Yuko aliyekata kiatu chake ili cha mwenzake kipone, lakini alifunika kwa tambara. Kesho ni Jumapili, na mkeka utatandikwa. Haya semeni, enyi mnaojua haki: samaki yule ni wa nani?