Sifuri za Ziwa la Cerknica

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga, ila wasomi wengi huogopa kuuliza wasije wakaonekana wajinga. Jerca nusura awe mmoja wao.

Alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya uchumi wa mazingira katika chuo kikuu cha mji wa Ljubljana. Tasnifu yake ilihusu ziwa la Cerknica, lile linalojaa kila vuli na kunywewa na ardhi kila kiangazi kupitia mashimo ya sakafuni mwake, hata walipoogelea samaki pakaota nyasi. Alipita nyumba arobaini za kando ya ziwa akiwa na swali moja: "Utatoa yuro ngapi kwa mwaka ili mashimo yazibwe, maji yasiondoke tena?" Thelathini na moja walijibu sifuri.

"Hao hawalijali ziwa," alisema Profesa Zalokar, msimamizi wake. "Wafute. Wiki ijayo unatetea tasnifu, au unataka kurudia mwaka?"

Jerca hakutaka kurudia mwaka hata kidogo. Hata hivyo, zile sifuri zilimkaa kama mwiba wa samaki kooni. Kesho yake akapanda basi kurudi ziwani.

Ziwa lilikuwa limekwenda zake. Ukungu mwembamba ulielea juu ya nyasi, na mitumbwi ililala majanini kana kwamba inaota mvua. Jerca akatembea taratibu juu ya sakafu ya ziwa, asijue kama yu macho au yu usingizini. Mbele yake Slavka, mmoja wa wale wa sifuri, alikuwa akifyeka nyasi.

"Mama Slavka, samahani. Mbona ulisema sifuri? Hulipendi ziwa?"

Slavka alicheka mpaka akashika kiuno. "We binti, una masihara! Maji yasipoondoka, ng'ombe wangu watakula nini, vitabu vyako? Yaani nilipe ili ninyang'anywe malisho! Ziwa acha liende, ndiyo maana likirudi tunalifurahia."

"Sasa siku ile si ungeniambia?"

"Kwani uliniuliza?"

Jerca aliona haya, kisha akafurahi mno. Kwa siku tatu alizungukia nyumba zote za sifuri, na karibu wote wakamweleza hayohayo.

Siku ya utetezi, mtahini kutoka chuo cha mji wa Maribor alifunua kurasa akakunja uso. "Sifuri zote hizi! Kwa nini hukuzifuta?"

"Kwa sababu wanalipenda ziwa lao kama lilivyo, linaloenda na kurudi," Jerca alijibu. "Kosa lilikuwa la swali langu."

Mtahini akamgeukia Zalokar. "Profesa, ulilijua hili?"

Zalokar aliinamisha kichwa. "Sikuuliza."

Jerca akafaulu, na mbele ya jopo zima ikathibitika kwamba kuuliza si ujinga.