Nyigu Asiye na Jina

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani ya juzi tu, ya simu na umeme wa kukatika, palikuwa na msichana aliyeitwa Kokusiima. Alitoka Bukoba, akaja kusoma shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha kilimo. Chuo chenyewe sikitaji. Nikikitaja mtaanza kuniuliza kama mwalimu fulani bado yupo, na hadithi itafia hapo.

Nyie mliokuja mwaka huu mnajiona mna akili. Sawa, mnazo, ndiyo maana mmechaguliwa. Kokusiima naye alikuwa nazo. Alishika namba moja tangu darasa la kwanza, na mtu wa namna hiyo huwa na ugonjwa wake: hapendi kuelekezwa. Basi sikilizeni, maana mwisho nina swali, na jibu lake halipo nyuma ya kitabu.

Kazi yake ilikuwa nzi wa machungwa. Nzi hawa hutoboa chungwa likiwa bado mtini, wanataga mayai ndani, mayai yanakuwa funza, chungwa linaoza na mkulima analia. Kokusiima alikwenda Muheza, akaokota machungwa yaliyoanguka katika mashamba thelathini, akayaleta chuoni. Kila shamba lilikuwa na sanduku lake lililofunikwa chandarua. Funza wakigeuka nzi, anawahesabu, anawatia kwenye vichupa vya spiriti wasioze. Hiyo ndiyo kazi. Inanuka, lakini ndiyo kazi.

Sasa, maabara ile ilikuwa na fundi wake, Mzee Ndelwa, Mhehe wa maneno machache, miaka thelathini na moja kazini. Siku moja akamkuta Kokusiima anaandika majina ya mashamba juu ya vichupa kwa maka peni. Alikuwa amefika kichupa cha mia tatu.

“Binti,” Mzee Ndelwa akasema, “hiyo itafutika. Andika kwa penseli kwenye kikaratasi, kisha kikaratasi ukitie ndani, humo humo kwenye spiriti.”

“Vyote mia tatu, Mzee?”

“Vyote mia tatu. Hivi vilivyo sivipokei kabatini.”

Alikasirika. Akafanya. Ila kabla ya kufanya alipita ofisi ya utawala, akalalamika kwamba fundi anachelewesha wanafunzi. Ofisi haikuuliza mara mbili. Mzee Ndelwa akaandikiwa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka yake thelathini na moja. Kesho yake asubuhi akaja kazini kama kawaida, akaweka penseli mbili zilizochongwa mezani kwa Kokusiima, akaenda kuosha vyombo vyake.

Wiki zikapita. Masanduku ishirini na tisa yakawa yameshatoa nzi wote. Sanduku la kumi na saba halikutoa hata mmoja. Kokusiima akaenda kwa msimamizi wake, Daktari Mbonea, akitaka ruhusa ya kulitupa.

“Mashamba ishirini na tisa yanatosha, Daktari. Hili limeharibika, linanichafulia jedwali.”

“Hujui kama limeharibika,” akasema Daktari Mbonea. “Unachojua ni kwamba nzi hawajatoka. Andika hivyo hivyo kwenye daftari, na tarehe. Halafu subiri wiki mbili.”

“Na nisipoona kitu?”

“Utaandika tena kwamba hujaona kitu.”

Alikasirika. Akafanya. Siku ya kumi na moja, chini ya chandarua cha sanduku la kumi na saba, wakatoka nyigu weusi, wadogo kuliko punje ya ulezi. Walikuwa wametagwa ndani ya funza, wakawala funza wote, ndiyo maana nzi hawakuonekana. Fikirini mkulima wa Muheza angesikia habari hiyo: shambani mwake kuna mdudu anayemla adui yake, na hadai mshahara.

Hapa mtulie kidogo. Daktari Mbonea, ujanani mwake, aliandika makala iliyompa jina. Makala hiyo ilisema kwamba katika mashamba ya machungwa ya ukanda ule hakuna nyigu wa aina hiyo hata mmoja. Amefundisha hivyo miaka kumi na minne. Akainama kwenye hadubini, akakaa hapo muda mrefu, hata Kokusiima akaanza kuogopa. Alipoinuka akasema, “Nilikosea. Katika tasnifu yako andika wazi kwamba Mbonea alikosea, na utaje mwaka.”

Ikabaki kujua nyigu huyu ni nani. Wataalamu wa nyigu wale wanahesabika kwa vidole, na mmoja alikuwa katika makumbusho ya wadudu ng'ambo. Kokusiima akamwandikia barua pepe ya kurasa tatu. Miezi minne, kimya. Akaandika nyingine, kurasa nne.

Mwenzake wa chumbani bwenini, Mwanahawa wa Tanga, aliyekuwa akisomea udongo, akaiomba barua aisome. Akacheka mpaka akakaa kitandani.

“Shoga, mimi nalala na wewe chumba kimoja na sijaelewa unataka nini. Huyo mzungu ataelewa wapi?”

Akamkokota hadi kwa mama lishe wa nyuma ya bwalo. “Mweleze huyu kazi yako. Akiacha kukaanga akakusikiliza, umefaulu.”

Alikasirika. Akafanya. Siku ya kwanza mama lishe aliendelea kugeuza maandazi. Siku ya pili vilevile. Siku ya sita mwiko ukasimama hewani, akauliza, “Kwa hiyo huyo nyigu anamla funza wa chungwa? Mbona hamjawaambia wenye mashamba?”

“Umeona?” akasema Mwanahawa. “Sasa kaandike hivyo.”

Barua ikawa na sentensi tano. Jibu likaja baada ya siku mbili: nitumie nyigu.

Mwanahawa hakuishia kwenye barua. Alikaa na Kokusiima wiki tatu nzima, wakaipitia tasnifu yake sura kwa sura, mpaka ikasomeka. Wakati huo ya kwake ilikuwa imelala. Siku ya kukusanya ikampita. Ikabidi arudie mwaka, na halmashauri iliyokuwa ikimngojea ikaajiri mtu mwingine. Hakumwambia Kokusiima. Kokusiima aliliona jina lake kwenye ubao wa matangazo, katika orodha ya wanaorudia, na siku hiyo hakula.

Nyigu wakasafirishwa. Njiani vifuniko vikalegea na spiriti ikavuja. Mtaalamu akaandika hivi: “Juu ya vichupa hakuna kinachosomeka, wino wote umefutika. Ndani kuna vikaratasi vya penseli, nimevisoma vyote. Bila hivyo ningewatupa, maana mdudu asiyejulikana alikotoka hanisaidii. Nyigu huyu ni mpya. Hana jina popote duniani, na anayempa jina ni wewe. Desturi yetu hairuhusu umpe jina lako mwenyewe. Chagua mtu mmoja, nyigu aitwe kwa jina lake. Likishachapishwa halibadilishwi. Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa.”

Kokusiima akawaita Mzee Ndelwa, Mwanahawa na Daktari Mbonea maabara, akachemsha chai, akawasomea barua. Kisha akasema, “Msinijibu kwa adabu, tafadhali. Niambieni ukweli. Mnalitaka jina hili?”

Wakatazamana. Mzee Ndelwa akaweka kikombe chini.

“Nalitaka, mwanangu. Mwezi wa sita nastaafu. Vichupa vya kila aliyepata udaktari hapa vimepita mikononi mwangu. Katika karatasi zote za chuo hiki, yenye jina langu ni moja, na ni ile ya onyo.”

Kokusiima akainamisha kichwa.

“Na mimi nalitaka,” akasema Mwanahawa, “lakini si kwa kuhurumiwa. Vikaratasi ulikuwa navyo, nyigu ulikuwa naye, na miezi minne amekaa kabatini kwa sababu hakuna aliyekuelewa. Nimepoteza mwaka na nimepoteza kazi. Nikiulizwa mwaka ule ulifanya nini, nataka niwe na cha kuonyesha.”

Daktari Mbonea akazungusha kijiko kwenye kikombe kisicho na chai.

“Mtasema mimi nina cheo, nataka nini tena. Lile sanduku lilikuwa linakwenda jalalani. Lingekwenda, kusingekuwa na kichupa wala barua. Na jina langu sasa lipo kwenye kosa, limechapwa, kila mwanafunzi atalisoma hapo. Ningependa lisomeke pia pale kwenye kilicho sahihi.”

“Daktari,” akasema Mzee Ndelwa taratibu, “sanduku ulilisemea kwa mdomo. Wiki zile mbili nani alikuwa anakuja kulinyunyizia maji hadi Jumapili?”

“Wewe, Mzee. Sikatai.”

“Na chandarua chake kilichochanika alikishona nani kama si mimi?” akadakia Mwanahawa, na wote wakacheka, hata Kokusiima, ingawa machozi yalikuwa karibu.

“Tuchanganye basi,” akasema. “Niunge majina yenu yote matatu liwe moja.”

Mzee Ndelwa akatikisa kichwa. “Kichupa kimoja, kikaratasi kimoja. Ukiandika matatu hakuna atakayejua ni la nani.”

Wale wengine wawili wakakubaliana naye. Wakamaliza chai, wakaosha vikombe, wakamwacha.

Ijumaa saa nne asubuhi Kokusiima akakaa mbele ya fomu ya jina aliyotumiwa na mtaalamu. Ilikuwa na mstari mmoja. Akaandika jina, akaituma.

Nalijua alilolitaja, na siwaambii. Nimewasimulia wanafunzi miaka tisa, na kila mwaka wanagombana hadi chakula kinapoa. Wengine wanasema yule aliyeonewa. Wengine wanasema yule aliyepoteza. Wengine wanasema yule aliyekubali kukosolewa, na hao mara nyingi wana msimamizi mgumu.

Haya, fomu iko mbele yenu na mstari ni mmoja. Nje ya mlango wamesimama watatu, wanakungoja utoke. Je, umeandika jina la nani, na ukifungua mlango utawaambia nini wale wawili?