Ukope wa Bibi Ng'washi

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, kompyuta zilipokuwa zimefika vijijini lakini bado hazijazoeana na watu, aliishi bibi mmoja aliyeitwa Ng'washi. Hakujua kusoma, ila jina lake alilitambua popote. "Langu lina ukope," alisema, akimaanisha kile kialama kinachoning'inia baada ya Ng. Macho yake yalikuwa yanafifia. Alitaka jambo moja: ngano zake ziwe kitabu, na aone jina lake jaladani angali anaona.

Alikuwa na wajukuu watatu, wote wasichana, na wote walimpenda.

Minza, mkubwa, alikaa miguuni pake kiangazi kizima. Bibi anasimulia, Minza anachapa kwenye kompyuta. Bibi akisinzia, Minza anasubiri. Bibi akirudia ngano ya jana, Minza anasikiliza kama mpya. Kazi ikaisha, ikatumwa mjini kwa mchapaji.

Nakala ya kukagua ikarudi. Lo! Kila penye ukope pameota magugu. Jaladani, Ngâ€™washi. Ndani, zizi zima la ngâ€™ombe.

"Nani huyu?" Bibi akauliza, karatasi ikimgusa pua. "Mbona amevaa shanga za watu?"

Mchapaji akasema kwa simu, "Hiyo ndogo. Nafuta takataka zote." Akafuta, akatuma nakala nyingine. Safi kabisa! Minza, aliyekuwa amechoka, akashukuru.

Wande, wa kati, akamsomea Bibi kama ilivyoandikwa: "Ngombe akangangania kamba, fisi akangoa kigingi..."

Bibi akacheka hadi akakohoa. "Mjukuu wangu, una ugali wa moto mdomoni?"

"Si mimi, Bibi, ni kitabu. Na hapa juu wewe ni Ngwashi."

Bibi akaacha kucheka. "Huyo simjui."

Wande akadandia lori la pamba hadi mjini, akasimama mbele ya mashine.

"Dada, toka, kazi inasubiri," mchapaji akasema.

"Na isubiri. Bibi yetu si Ngwashi."

Mashine ikazimwa. Ndipo akaitwa Holo, mdogo wao, aliyekuwa akijifunza kompyuta mjini humo. Holo akaitazama kazi ya Minza kama ilivyotumwa mwanzo, akatabasamu, akamwambia mchapaji:

"Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Kila alama ina namba zake, na jedwali la kuzisomea. Kompyuta ya Minza iliandika ukope kwa namba tatu. Hii yako inasoma kwa jedwali lingine, ikadhani ni alama tatu. Ni kama kupiga simu kwa namba sahihi katika mji usio wake. Lazima apokee mgeni."

Akachagua jedwali linalofaa. Kope zote zikarudi kwa mpigo.

Wande na Holo wakaileta nakala mpya kijijini. Bibi akaisogeza machoni, akapitisha kidole polepole. "Ndiyo mimi," akasema, na machozi yakamtoka.

Mchapaji akapiga simu, akauliza, "Kwenye tabaruku niandike nani?"

"Jina moja," Bibi akajibu. "Ngano hizi nilizirithi peke yangu kwa mama yangu. Nitakayemwandika ndiye atakayezisimulia baada yangu."

Minza akasema, "Bila mimi, lisingekuwapo hata neno moja."

"Na ungemwacha Bibi aitwe Ngwashi!" Wande akamkata. "Mimi ndiye niliyekataa."

"Ulikataa, ndiyo," Holo akasema, "lakini kelele zako, dada, hazikurudisha hata ukope mmoja. Mimi nilizirudisha zote."

"Wewe nawe!" Minza akamgeukia. "Ni ngano gani ya Bibi umewahi kuisikiliza hadi mwisho?"

Holo akainama. Bibi akawavuta wote watatu kifuani, akawabusu utosini mmoja mmoja. Mwanga wa macho yake unapungua, na mchapaji yuko kwenye simu, anangoja jina.

Haya, mlionisikiliza, mpeni jibu: ni nani kati yao anayestahili kuandikwa?