Bi Harusi na Mabonge ya Namkunda

Paukwa!
— Pakawa.
Pakawa na nini?
— Na chungu kizima.
Basi kaeni. Mjuaji wa kila kitu akae nyuma, leo tunamsema.

Hapo kale mto ulifurika, ukalifukia shimo la udongo. Wafinyanzi wakabaki na makombo: vyungu vilivyopasuka kabla ya kuchomwa, na mabonge yaliyoanza kushika ugumu. Mkuu wa shimo, Namkunda, akatangaza: "Asiyeleta chungu siku ya gulio, shimo likifukuliwa hachimbi." Huku anamtazama Nakiete, bi harusi aliyeolewa juzi kutoka ng'ambo. Mnajua sheria ilitungiwa nani.

Namkunda akayatosa mabonge yake majini, nusu makavu, nusu mabichi. Nakiete akayavunjavunja yake, akayaanika juani.

"Bi harusi," Namkunda akamwambia mbele ya wanawake, "kwenu mtu akiona kiu hulambishwa chumvi?"

"Mama, udongo ukauke kabisa ndipo unywe maji. Wenye unyevu haunywi."

"Nimefinyanga kabla mama yako hajavunja ungo."

Siku ya pili: "Mama, uanike."

"Unataka nichelewe."

Siku ya tatu: "Mama, uanike."

"Mjanja wewe. Ungekuwa ukweli usingeniambia."

Mmesikia? Ukitaka kumficha mjuaji siri, mwambie mara tatu.

Siku ya nne udongo wa Nakiete ulikuwa mkavu kama mfupa. Akaumwagia maji. Ukanywa, ukabomoka, ukawa uji. Akautandaza juu ya majivu ukakauka kidogo, akaukanda, akaukanda, akaukanda. Ukalainika kama unga wa maandazi. Akafinyanga, akakausha, akachoma.

Siku ya gulio akaja na chungu kichwani. Namkunda akaja na mtungi wa maji. Ndani, mabonge yaleyale, juu utelezi, moyoni jiwe.

"Mama," wanawake wakauliza, "chungu kiko wapi?"

"Kinalowana."

Wakangoja. Namkunda naye akangoja. Hakuna aliyemcheka, walimpa tu mkeka akae pembeni, maana sheria ilikuwa yake mwenyewe.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiyesikia huvunjika nini, hawasemi.

Shimo likafukuliwa. Nakiete akashuka kuchimba. Na Namkunda? Yuko ukingoni hadi leo, hana jembe, anawafokea walio chini: "Makombo yaanikeni kwanza. Nimewaambia mara ngapi?"

Ngano imekoma. Tamu yake tugawane, kali yake niachieni mimi. Aliyejiona ndani asininunie, sikumtaja jina.