Mahindi ya Pembeni

Hapo zamani, na msiniulize mwaka, aliishi milimani Upare mama mmoja jina lake Naetwe. Wenzake walipeleka watoto shule ya bondeni. Yeye alikataa. Mumewe akiwa mbali kwenye mashamba ya mkonge, aliwafundisha wanawe watatu mwenyewe, nyumbani, pale pale jikoni. Hesabu baada ya uji, Biblia kabla ya uji. Asiyejua mstari wake aliunywa umepoa, na uji uliopoa, jamani, hauna raha.

Basi macho ya Naetwe yakaanza kufifia. Kwanza zikampotea herufi, kisha mistari, kisha ukurasa mzima ukawa ukungu. Aliogopa sana, maana nyumba ile Biblia ilikuwa moja na mwalimu alikuwa yeye. Akawaita wanawe, akawaambia kwamba mavuno yakiisha atamkabidhi mmoja wao Biblia, awe ndiye mwalimu wa wenzake. Kusoma wote walijua, na kukariri walikuwa kama kasuku, kwa hiyo hilo hakulipima.

"Nitampa aliyelishika neno," alisema. "Kulishika, si kulisema."

Somo la asubuhi ile lilikuwa sheria ya Musa: unapovuna, usivune shamba lako hadi ukingoni. Mahindi ya pembeni ni ya maskini, ya mjane na ya mgeni.

Mwaka ule mvua ilikuwa haba na mavuno yalikuwa ya kubahatisha. Nakunda, kifungua mimba, akaacha mistari miwili mizima ya upande wa njiani. Mdogo wake Mbazi akanung'unika kwamba ghala halijafika hata nusu. Nakunda hakumsikiliza. Alifukuza mbuzi, alifukuza nyani, na mjomba wao alipokuja kushauri kwamba si dhambi mtu kuvuna chake, akamfukuza na mjomba, ingawa kwa adabu.

Jirani yao alikuwa mjane, bibi Nakijwa, ambaye jikoni kwake moshi ulikuwa umeadimika. Akapita njiani, akayatazama mahindi, akaenda zake. Kesho yake akapita tena, akatazama, akaenda zake. Nakunda alimwona, akamwombea, akaendelea kulinda mahindi.

Mbazi naye alimwona. Ila yeye alijua kinachomzuia bibi: njia ile ina watu, na watu wana midomo. Mwanamke aliyeishi kwa heshima zake miaka yote, leo aonekane akiokota kwenye shamba la mwenzake? Afadhali njaa. Basi Nakunda alipoondoka kidogo, Mbazi akavuna mstari mmoja, katika ile ile aliyoilinda dada yake, akajaza tenga, akaenda kupiga hodi kwa bibi. Akamwambia kwamba mama macho yanamsumbua, anaomba asaidiwe kupukuchua, na nusu bibi abaki nayo kama shukrani. Uongo mtupu. Bibi akapokea, na jioni ile moshi ukatoka jikoni kwake.

Zikapita siku. Naetwe akiwa uani na majirani waliokuja kuazima mchi, akasikia hodi. Bibi Nakijwa huyo, na bakuli kichwani.

"Mwanangu, nusu yako hii," akasema. "Na pole na macho."

Naetwe akaduwaa, hajui hili wala lile. Mbazi akainamisha kichwa. Majirani wakatega masikio. Naetwe angeweza kusema asante tu, mambo yakaishia hapo, na kweli neno lilikuwa limeshamfika ulimini. Lakini Tumsifu, kitinda mimba, aliyemwona kaka yake akibeba tenga, akamtangulia.

"Bibi, mama hakumtuma mtu. Kaka alikudanganya ili ule. Lakini hakukuwa na haja ya kukudanganya, mahindi yale ni yako. Imeandikwa. Yamebaki mengine, na hayo ni yako vilevile."

Bibi akatua bakuli. Machozi yakamtoka mbele ya watu wale, na Naetwe akaona aibu iliyomfika bibi mpaka mifupani. Alijua bibi huyu anaweza kuondoka sasa hivi, asikanyage tena hapa, afe na heshima yake. Lakini bibi akajifunga kanga kiunoni, akamwambia Tumsifu, "Nionyeshe." Akauvuna mstari uliobaki mchana kweupe, kila apitaye akimwona. Alivuna huku bado analia. Wapo waliosema ni furaha, wapo waliosema ni uchungu, na yeye mwenyewe hakuulizwa.

Mavuno yakaisha. Naetwe akaketi na Biblia mapajani, watoto mbele yake.

Nakunda akasema, "Mama, nisingeyaacha mahindi, Mbazi angempelekea nini? Tumsifu angemwonyesha nini?"

Mbazi akasema, "Dada alilinda mahindi huku mtu ana njaa mlango wa pili. Mimi ndiye niliyemlisha. Nilisema uongo, ndiyo, na nimetubu. Lakini alikula."

Tumsifu akasema, "Kaka alimpa chakula kwa kificho. Mimi nilimwambia kwamba yeye si ombaomba."

"Ulimliza mbele za watu," Nakunda akamjibu.

Naetwe akawasikiliza, akapapasa jalada kwa vidole. Akiwa mwalimu Nakunda, nyumba hii haitavunja sheria hata moja, ila mtu aweza kufa getini wakimwombea. Akiwa Mbazi, hakuna atakayelala njaa, ila nani atajua lini anaambiwa kweli? Akiwa Tumsifu, kweli itasemwa, na machozi atayafuta nani? Aliwapenda wote watatu, na hilo ndilo lililomtesa, kwa kuwa atakayesoma ndiye atakayewafundisha wengine namna ya kulielewa neno, na yeye hatakuwa na macho ya kusahihisha.

Mimi nimemwacha hapo. Kukikucha, lazima mmoja asome. Haya, ninyi hodari wa kuhukumu watoto wa wenzenu: amkabidhi nani?