Chuma Kizima Kilichovuja

Nyani akikaa tawini huyaona makalio ya wenzake wote, akacheka hadi machozi yakamlenga. Ya kwake yako nyuma, na shingo haifiki huko. Nasi wanadamu ndivyo tulivyo: kasoro ya jirani tunaiona hata gizani, yetu hatuioni hata jua likiwa utosini.

Katika karakana moja ya kutengeneza mitungi ya hewa alikuwapo mpimaji aliyeitwa Bwana Sikio, kwa sababu alidai kusikia tundu dogo kuliko la sindano. Ilisemwa kwamba siku moja alisimamisha lori barabarani akamwambia dereva kuwa gurudumu lake la akiba linahema. Waliokuwapo waliapa kuwa ni kweli. Wasiokuwapo waliapa zaidi.

Kazi yake ilikuwa hivi: mtungi uliungwa kwenye bomba, ukajazwa hewa, koki ikafungwa, naye akaketi kuutazama mshale wa geji kwa dakika kumi. Mshale ukitulia kama paka aliyeshiba, mtungi ni mzima. Ukishuka, hewa inatoroka, na mtungi unachorwa msalaba wa chaki nyekundu.

Aliyeichomelea mitungi hiyo alikuwa shemeji yake, mke wa mdogo wake, mama mwenye mkono mtulivu na ulimi usio na breki. Wiki moja mitungi yake ilianza kufeli, mmoja baada ya mwingine. Kufikia Jumatano, arobaini ilikuwa imechorwa misalaba na kupangwa ukutani kama makaburi.

Msimamizi akamwita. "Mama, ya leo nayo ikivuja, kesho utaacha kuchomelea. Utahamia kwenye rangi."

Miaka minane ya kujifunza kazi ile kwa macho na kwa malengelenge ya moto, leo iishie kwenye brashi! Mama akaenda moja kwa moja kwa mpimaji.

"Shemeji, mitatu nimeizamisha kwenye pipa la maji. Haikutoa hata kiputo kimoja."

"Maji yana huruma, shemeji. Geji haina undugu."

"Na wewe je?"

"Mimi ndiyo sina kabisa. Mke wangu mwenyewe nilimwambia sufuria yake inavuja, siku ya harusi."

"Kumbe ndiyo maana mpaka leo anakupakulia huku amenuna. Haya, nipimie kitu kimoja tu, halafu nikapake rangi bila neno."

Akaokota kizibo cha chuma, kipande kizito kisicho na uwazi ndani, akakikaza kwenye mdomo wa bomba, mahali pa mtungi.

"Hicho si chuma kitupu?" mpimaji akauliza.

"Ndiyo maana nimekileta. Jaza hewa."

Bwana Sikio akajaza, akafunga koki, akakunja mikono. Dakika ya kwanza mshale ulisinzia. Ya tatu ukainama. Ya tano ulikuwa ukiteremka kama mgeni aliyesikia vyombo vikigongana jikoni.

"Haya, shemeji," mama akasema kwa upole wa kuudhi, "chuma hiki nimekichomelea vibaya wapi?"

Karakana nzima ilicheka, hadi msimamizi akaja kuona kulikoni. Mama akachovya brashi kwenye maji ya sabuni, akalipaka bomba lote. Kwenye kiungo kilicho chini ya geji, shubiri moja tu kutoka sikio lile maarufu, kiputo kikachomoza, kikavimba kama shavu la mpiga tarumbeta, wote watatu wakajiona ndani yake, Bwana Sikio akiwa mkubwa kuliko wote. Kikapasuka. Mpira wa kiungo ulikuwa umechanika.

Bwana Sikio akavua kofia. "Msimamizi, anayevujisha hewa hapa ni mimi. Shemeji, nisamehe. Nimekuhukumu kwa kosa langu."

"Nimekusamehe. Ila mkeo nitamsimulia."

Mpira ukabadilishwa, kizibo kikapimwa upya, mshale haukutikisika. Ndipo mitungi ikarudiwa, kazi ya siku nzima na zaidi. Thelathini na tisa ilipita. Mmoja ulivuja kweli.

"Huo ni wangu," mama akakiri, akajitwika begani kuupeleka kwenye meza yake ya kuchomelea, ambako hakuna aliyethubutu tena kumwondoa. Mpimaji akamsaidia kuubeba, wakienda wakitaniana.

Naam, nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe.