Mwito wa Kumi na Tatu

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Maana yake si ngumu: binadamu kapewa mikono miwili na moyo mmoja, na mwenye kutaka kila kitamu kwa wakati mmoja atakuja kujuta. Lakini kuna jambo ambalo methali hii hailitaji, nalo ndilo lenye sumu. Haikuambii itakayoponyoka ni ipi. Tong Yushan wa kichochoro chetu, nyuma ya Mnara wa Ngoma, alidhani atachagua mwenyewe.

Tong alistaafu kiwanda cha chupa za chai akiwa na miaka hamsini na tisa, akazivamia starehe kama ng'ombe aliyefunguliwa kamba. Asubuhi alicheza sataranji penye ukuta wa shule. Saa nne alikuwa bustanini akiwapigia zeze waimbaji wa opera. Na kila msimu wa baridi alinunua nyenje, akamtia katika kibuyu kidogo, kibuyu akakificha kifuani chini ya koti la pamba, kwa maana nyenje akipata joto la mtu huimba hata theluji ikianguka.

"Baba Yan," mkewe Shuzhen alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao, "wewe ukifa itabidi tukuzike katika majeneza matatu."

"Basi msisahau kunipasulia na kichwa," alijibu akicheka, huku akitafuta kofia yake.

Hayo yote yalikuwa mzaha mpaka alipoingia ndege. Baba mkwe wake, Mzee Fu Hengtai, alikuwa na miaka themanini na sita, na miongoni mwetu sisi wafuga ndege hakuna aliyethubutu kutundika tundu lake juu ya la mzee huyo. Kipozamataza wake mkongwe, ndege mdogo wa mbugani anayeiga sauti, alijua miito kumi na mitatu, mmoja baada ya mwingine bila kukosea: shomoro wanaogombana, kuku aliyetaga, paka, gurudumu la mkokoteni wa maji, kijibwa kilichokanyagwa mkia, na kuendelea, hadi wa kumi na tatu, sauti ya mwewe akishuka kutoka juu. Huo wa mwisho haukupatikana kwa mtu mwingine. Ndege wa Fu aliupata kwa ndege wa mwalimu wa Fu, naye aliupata kwa aliyemtangulia. Mwito hauandikwi mahali. Hutoka mdomo wa ndege ukaingia sikio la ndege.

Mwaka ule miguu ya mzee ilikataa na kifua chake kikaanza kupiga mluzi. Ndege mkongwe naye alikuwa anapukutika manyoya. Akatafutwa kinda. Kinda wa namna hiyo hukaa msimu mzima wa vuli katika chumba kilichofungwa, ubavuni mwa mwalimu wake, asisikie kingine. Kipozamataza ni mwizi wa sauti. Akiokota hata mlio mmoja wa kigeni, tunasema mdomo umechafuka, na hakuna maji ya kuuosha. Chumba pekee kilichokuwa kimya katika ukoo ule kilikuwa cha nyuma, nyumbani kwa Tong.

"Nyenje?" Mzee Fu alimuuliza siku ya kumkabidhi ndege wote wawili.

"Mwaka huu hakuna nyenje, Baba."

"Na zeze?"

"Litaishia hukohuko bustanini."

"Yushan, nakujua. Wewe ukialikwa harusi mbili unakwenda na matanga ya jirani." Mzee alikohoa, akapumzika. "Siku yangu ya kuzaliwa, mwezi wa kumi na mbili, nataka nimsikie huyu mdogo akimaliza yote kumi na mitatu. Mara moja tu. Nikishasikia, hata nikiondoka nitakuwa nimeondoka nimeshiba."

Tong aliapa, na aliapa kwa moyo safi. Shida ya watu kama yeye ni kwamba hawadanganyi. Huahidi kila mtu kila kitu na kila ahadi wanaiamini.

Mwezi wa kumi baridi ikashuka, naye akapita sokoni. Akamwona nyenje mmoja, kijani kama jani la kitunguu, ana sauti ya kumtoa mtu machozi. Akajiambia, huyu atakaa nje. Na kweli, kila alipofika nyumbani alikitundika kibuyu kwenye msumari wa lango kabla ya kwenda kulisha ndege. Siku kumi na moja alifanya hivyo.

Siku ya kumi na mbili alikuwa ameacha sataranji katikati, farasi wake yuko hatarini na mpinzani anamngoja. Bustanini waimbaji walikuwa wanamngoja vilevile, kwani bila zeze lake mwimbaji mkuu haanzi. Na ndege walikuwa hawajala. Akaingia mbiombio, zeze kwapani, akapita lango bila hata kuuona msumari. Akafungua chumba cha nyuma, akainama kutia uwele. Jiko la makaa lilikuwa limekipasha chumba joto.

Kri, kri, kriii!

Tong akajibana kifua kwa mkono. Haikusaidia kitu, sauti ilikuwa imeshatoka. Ndege mkongwe hakujali. Yule mdogo, ambaye hakuwa anatulia hata dakika, alisimama juu ya kijukwaa chake na kuinamisha kichwa upande mmoja, akisikiliza.

"Mbona umekauka hivyo?" Shuzhen alimuuliza uani.

"Vumbi tu la uwele."

Laiti angesema siku ile! Ndege mwalimu alikuwa bado hai. Mzee angeamuru darasa lirudiwe kuanzia mwito wa kwanza, usiku na mchana, na huenda mlio wa nyenje ungefunikwa na wa mwewe. Lakini Tong alijua amri nyingine zitakazofuata. Nyenje atupwe. Zeze lifungiwe. Sataranji basi, akae nyumbani alinde mlango. Akazipima starehe zake moja moja, akakuta hakuna hata moja anayoweza kuiacha. Akanyamaza.

Tangu hapo alikonda. Kila alfajiri alibandika sikio mlangoni kumsikiliza yule mdogo. Shomoro, kuku, paka, gurudumu, kijibwa, mpaka mwewe, na yote safi. Akashusha pumzi, kesho yake akabandika tena. Kila mfuga ndege anajua kwamba kipozamataza hasemi leo alichosikia leo. Hukiweka moyoni, akaja kukitoa siku amefurahi. Bustanini zeze lilianza kukosea. Kwenye sataranji alifungwa hata na muuza viazi.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja ndege mkongwe alikutwa chini ya tundu, miguu juu. Mwewe wa Fu sasa alibaki katika koo moja tu duniani.

Mzee hakulia. Alimwita mkwewe kitandani, akamshika kiganja. "Niambie ukweli. Huyu mdogo ni safi?"

Shuzhen alikuwa amesimama hapo na bakuli la uji. Tong alimtazama mkewe, akatazama sakafu.

"Safi, Baba."

Siku ya kuzaliwa tulikusanyika katika nyumba ya chai, matundu kumi na saba, kila mtu na gauni la buluu, kitambaa cha kufunikia, juu ya tundu lake. Mzee Fu aliletwa kwa kiti cha magurudumu, amevikwa koti jipya, macho yanang'aa. Kou, jirani yetu ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika, alimdaka Tong mlangoni.

"Haya, leo tutajua kama mkwe wa Fu amefuga ndege au amefuga bendi."

Tong alimpita. Akatundika tundu kwenye ndoano ya katikati, akaanza kulivua gauni. Vifungo vilimshinda, ikabidi Shuzhen amsaidie.

Ndege akapanda kijukwaa, akajikung'uta, akaanza. Shomoro waligombana mpaka watu wakatabasamu. Kuku akataga. Paka akalia, na mtu mmoja nyuma akaangalia chini ya meza. Mzee Fu alikuwa anahesabu kwa kukunja vidole. Wa saba. Wa nane. Chai ilipoa, hakuna aliyeinua kikombe. Wa kumi. Wa kumi na moja. Jasho lilimtiririka Tong katika baridi ile. Wa kumi na mbili ukapita, mtamu, hauna doa. Mzee akainua uso kuelekea dari, kama anayemtafuta mwewe wake huko juu.

Ndege alivuta pumzi. Alikuwa amefurahi mno, maskini.

Kri, kri, kriii!

Kou alikuwa wa kwanza. Aliinuka, akalishusha gauni juu ya tundu lake, akatoka. Kisha mwingine, kisha mwingine, kila mmoja akimkinga ndege wake asije akaokota uchafu ule. Mimi pia nilifunika, nikakimbia. Nisamehewe, lakini nawe ungekuwa na ndege ungefunika. Nikiwa mlangoni bado nilimsikia akirudia, mara ya pili, mara ya tatu, akijivunia. Mwewe hakuja.

Walibaki watatu, na Shuzhen ndiye aliyetusimulia baadaye.

"Nyenje wa shambani," mzee aliuliza taratibu, "au wa kibuyu?"

"Wa kibuyu, Baba."

"Umechagua mzuri. Ana sauti." Mkono wake ulikuwa bado na vidole alivyokunja akihesabu hadi kumi na mbili, akaufungua, akaushusha mapajani. "Mfunike, Yushan. Nimechoka."

Mzee Fu alizikwa kabla barafu haijayeyuka mferejini. Tong aliuza zeze, akawagawia watu vibuyu, na kwenye sataranji hatujamwona tena. Yote aliyokataa kuyaacha ameyaacha, wakati hayana tena faida kwa mtu. Amebaki na ndege. Kila alfajiri anamtundika mbali kabisa na sisi, peke yake ukingoni mwa mfereji, na anamsikiliza kuanzia shomoro. Ukifika wa kumi na mbili, analishusha gauni upesi kabla ya nyenje, anabaki ameshika kitambaa, uso juu, akisikiliza mahali ambapo mwewe angelia. Watoto humcheka. Sisi wakubwa tunapita kimya, kwa maana tunajua alikuwa ameshika nini mkononi na nini kikamponyoka: mshika mbili, moja humponyoka.